Jicho la Mpanga Bei

Msitupe kitu. Hilo ndilo neno la kwanza ambalo mpanga bei mzoefu huwaambia warithi. Huko Marekani, mzee anapofariki au kuhamia nyumba ya kutunzia wazee, na watoto wake wametawanyika majimbo mengine, familia nyingi huajiri watu wa kuuza vyote vilivyomo, mle mle nyumbani, kwa siku mbili tatu. Si mnada, hakuna anayenadi. Kila kitu kina bei yake, na wauzaji hupata kamisheni, mara nyingi theluthi ya mapato au zaidi. Lakini watoto wenye haraka huwa wameshajaza mifuko ya taka. Wametupa mkebe wa vifungo, barua na viatu vya kazi, wakahifadhi kwa heshima seti ya sahani za sherehe ambayo siku hizi ni nadra kupata mteja.

Wanunuzi wanaopanga foleni alfajiri huikuta nyumba ikiwa tayari. Mimi navutiwa na siku zinazotangulia foleni hiyo.

Kwanza ni kupekua. Kila mfuko wa koti huingizwa mkono. Kila kitabu hushikwa majalada na kutikiswa kurasa zikitazama chini, maana waliokulia katika Mdororo Mkuu wa miaka ya 1930 waliziona benki zikifilisika, na wengi wao waliendelea kuficha akiba nyumbani. Droo huchomolewa na kupinduliwa, kwa kuwa bahasha huweza kubandikwa chini yake. Picha, vyeti na hati za jeshi hutengwa kwa ajili ya familia. Noti zikionekana, huhesabiwa mbele ya shahidi. Wanaofanya kazi hii wameachiwa funguo na siri za watu wasiowajua, na wale ninaowaheshimu hupekua koti la mwisho kwa uangalifu ule ule waliopekulia la kwanza.

Kisha huja kusoma. Sahani hupinduliwa kabla ya kutazamwa usoni. Sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ilidai bidhaa za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka, na kikombe kilichopigwa chapa ya Nippon kwa kawaida ni cha kabla ya 1921, mwaka ambao forodha iliagiza iandikwe Japan. Kilichoandikwa Occupied Japan ni cha miaka ya ukaliaji baada ya Vita vya Pili vya Dunia, uliokwisha 1952. Bilauri ya kijani hupelekwa gizani na kumulikwa kwa taa ya urujuanimno. Iking'aa kijani kikali, ina urani. Sarafu za senti 10 na 25 zenye mwaka 1964 au wa nyuma yake hutengwa, kwani asilimia 90 ya uzito wake ni fedha. Na kinara cha mishumaa chenye neno Sterling ni fedha ya asilimia 92.5, ila kikiandikwa pia Weighted, ndani kimejazwa saruji au lami, na fedha yenyewe ni ganda jembamba. Asiyelijua hilo atakiweka chote kwenye mizani na kuandika bei isiyo ya kweli.

Halafu kuna piano. Familia huidhani ndiyo mali, kumbe mara nyingi haichukuliwi hata bure, kwa uzito wake. Hata hivyo mpanga bei hodari huinama kuvichunguza vitufe vyeupe. Pembe halisi ina mistari myembamba ya asili, na kwa kawaida kila kitufe kimevikwa vipande viwili, kichwa na mkia, vilivyoungana kwa mshono ambao ukucha huweza kuuhisi. Sisi watu wa pwani tuna sababu ya kusimama hapo pamoja naye. Viwanda vya Deep River na Ivoryton, jimbo la Connecticut, vilikata vitufe kama hivyo, na sehemu kubwa ya pembe zao ilitoka Unguja, ambako Marekani ilikuwa na balozi mdogo tangu 1837. Zilifika pwani mabegani mwa wapagazi na watumwa kutoka bara. Tangu 2016 kanuni za Marekani zimebana karibu biashara yote ya pembe za tembo wa Afrika, na baadhi ya majimbo ni makali zaidi. Kwa hiyo mjuzi haandiki bei mpaka ahakikishe sheria ya jimbo lake inasemaje.

Kuandika bei nako kuna ustadi wake. Fanicha yenye vanishi hufungwa kikaratasi chenye uzi, na stika haikaribii sahani yenye ukingo wa dhahabu, kwa sababu gundi inaweza kuondoka na dhahabu hiyo. Vitambaa vya meza hukunjwa ili tarizi ionekane. Patasi za gereji haziparuzwi zikang'aa. Mkusanyaji wa zana hutaka kuona rangi ya umri wake. Vito hufungiwa kwenye kabati la kioo karibu na meza ya malipo.

Milango ikifunguliwa, ujuzi huo hupimwa hadharani. Mchuuzi hunyanyua kile kinara na kudai apunguziwe, kwa kuwa ndani ni saruji tupu. Mpanga bei hukipindua, humwonyesha neno Weighted, na kumwambia kwamba saruji haikuhesabiwa katika bei hiyo.