Sentensi Sahili, Ziwa Changamano: Uhakiki wa Chandarua na Kanuni za Uvuvi katika Ufuko wa Mweru

Ikisiri

Makala haya yanahakiki vitu viwili vinavyosifiwa kwa usahili wake katika Wilaya ya Nchelenge, Mkoa wa Luapula, nchini Zambia: chandarua chenye dawa, na kanuni za uvuvi zinazotegemea tarehe na ukubwa wa macho ya nyavu. Kwa kutumia tofauti ya kisarufi baina ya sentensi sahili na sentensi changamano, makala yanadai kwamba usahili wa kifaa au wa sheria haufuti uchangamano wa maisha. Huuhamisha kutoka mezani kwa mbunifu hadi mikononi mwa mtumiaji. Kwa hiyo, mtunga sera anayejivunia kanuni fupi anapaswa kuulizwa ni nani anayebeba yale yaliyoachwa nje ya ufupi huo.

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili hufundishwa mapema kwamba sentensi sahili haipiti kwa ubora sentensi changamano, wala sentensi changamano haina kosa kwa kuwa ndefu. Ya kwanza husimama kwa kishazi huru kimoja. Ya pili hubeba pia kishazi tegemezi, na mara nyingi humo ndimo mnamokaa sharti, sababu au wakati. "Watoto walale ndani ya chandarua" ni sentensi sahili. "Watoto walale ndani ya chandarua ikiwa nyumba ina mahali pa kukifunga na ikiwa mama yao hakulazimika kukesha nao mwaloni" ni sentensi changamano. Ya kwanza hutosha katika bango la zahanati. Ya pili ndiyo inayoishiwa ufukweni.

Tofauti hiyo ina wenzake katika nadharia ya ubunifu. Norman (2010) anatenganisha uchangamano, ambao ni hali ya ulimwengu wenyewe, na utata, ambao ni hali ya akili iliyoshindwa kuuelewa. Mtaalamu wa kompyuta Larry Tesler anakumbukwa kwa hoja kwamba kila mfumo una kiasi cha uchangamano kisichopungua, na kinachobaki kuamuliwa ni kama kitabebwa na aliyeubuni au na anayeutumia. Scott (1998) anaonyesha jinsi dola inavyorahisisha misitu, mashamba na miji ili iweze kuisoma na kuitawala. Kwa pamoja, hoja hizi zinatoa kipimo kinachofaa kwa Nchelenge, ambako gharama ya urahisishaji hulipwa kwa kitoweo na kwa damu ya watoto.

2. Ziwa na umiliki wake

Ziwa Mweru, lenye eneo la takribani kilometa za mraba 5,100, limegawanywa na mpaka wa Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mto Luapula huliletea maji kutoka mabwawa ya Bangweulu, na Mto Luvua huyatoa karibu na Pweto kuelekea Lualaba. Upande wa Zambia, soko la Kashikishi hupokea samaki wa Nchelenge. Ng'ambo, Kilwa na Pweto, Kibemba hukutana na Kiswahili cha Katanga. Kina cha maji hupanda na kushuka mwaka hadi mwaka, na wingi wa samaki hufuata mabadiliko hayo.

Jinsi ziwa hili lilivyofikiriwa kabla ya kanuni za serikali imeelezwa vyema na Gordon (2006), aliyekipa kitabu chake jina la Nachituti. Kwa mujibu wa simulizi, Nachituti alikuwa dada wa Nkuba, mtawala wa Washila. Nkuba alipomuua mwana wa Nachituti, mama huyo alimwendea Mwata Kazembe kuomba kisasi. Nkuba alipouawa, Nachituti alimkabidhi Kazembe kapu la udongo na chungu cha maji, yaani nchi na ziwa.

Zawadi hiyo huonekana sahili kwa nje: kapu moja, chungu kimoja. Hata hivyo, ndani yake mna kifo, deni, undugu na wajibu. Anayepokea chungu hapokei maji peke yake, kwani anapokea pia historia inayomfunga kwa waliokuwako kabla yake. Ndiyo maana mamlaka ya Kazembe iliishi sambamba na haki za koo juu ya sehemu mahususi za uvuvi. Simulizi hii inaonyesha usahili wa aina ya kwanza, ule unaokunja uchangamano bila kuutupa. Msikilizaji akitaka, anaweza kuukunjua.

3. Mpumbu na chisense: kanuni moja, samaki wawili

Kanuni za kisasa zina usahili wa aina nyingine. Zambia hufunga uvuvi katika maji yake mengi, Mweru ikiwemo, kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Februari, na hupiga marufuku zana zinazohesabiwa kuwa haribifu, hasa nyavu za macho madogo. Msingi wake ni rahisi kueleza: samaki waachwe wazaliane, na wachanga waachwe wakue.

Ingekuwa kosa kuidharau hoja hiyo, kwa kuwa Mweru yenyewe ina ushahidi unaoiunga mkono. Mpumbu (Labeo altivelis) alikuwa akipanda Mto Luapula kwa makundi makubwa kwenda kutaga. Soko la miji ya migodi ya Katanga lilipokua, wafanyabiashara Wagiriki wa Kasenga walinunua samaki kwa wingi na kuwapeleka Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Nyavu zilitegwa katika njia ileile ya uzazi, na mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950 mpumbu waliporomoka. Samaki huyu alikuwa na njia moja na msimu mmoja. Kanuni sahili ya mahali na wakati ingelingana na maumbile yake.

Chisense ni habari nyingine. Dagaa huyu wa Mweru, asiyezidi urefu wa kidole hata anapokomaa, huvuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga wa taa, kisha huanikwa juani. Biashara yake ilipanuka baada ya samaki wakubwa kupungua, na Gordon anaonyesha kwamba iliwapa wanawake nafasi ambayo uvuvi wa awali haukuwapa. Kwa samaki kama huyu, wavu wa macho madogo hukamata waliokomaa. Wavu huohuo ukikokotwa kando ya ufuko, kwenye mazalia, huzoa watoto wa samaki wa aina nyingine. Ubaya wake, basi, haukai katika ukubwa wa jicho peke yake. Unategemea mahali, saa na samaki anayelengwa. Kipimo cha rula hakioni hata kimoja kati ya hayo matatu.

Utafiti wa van Zwieten, Goudswaard na Kapasa, uliotolewa na FAO mwaka 2003, ulikwenda mbali zaidi. Uliueleza uvuvi wa Mweru na Luapula kuwa ni shughuli ambayo watu huingia na kutoka kwa wepesi, juu ya rasilimali yenye uwezo mkubwa wa kujirudisha. Picha hiyo inapingana na mfano wa Hardin (1968) wa malisho ya wote yanayoangamizwa na kila mfugaji anayeongeza mnyama mmoja. Mfano wa Hardin umepata nguvu kwa sababu ni sentensi sahili kamili: mali ya wote huangamia. Kishazi tegemezi kilichoachwa, yaani "ikiwa hakuna wenyewe, hakuna kanuni na hakuna mlango wa kutokea", ndicho hasa ambacho simulizi ya Nachituti ilikihifadhi.

4. Chandarua: ubunifu uliosahau usiku wa kazi

Nchelenge ni miongoni mwa wilaya zenye maambukizi makubwa ya malaria nchini Zambia. Mbu Anopheles funestus huzaliana katika maji ya kudumu ya vidimbwi na mabwawa, hivyo maambukizi hayakomi kiangazi kinapoingia. Chandarua chenye dawa ndicho kinga iliyosambazwa zaidi, na thamani yake haina shaka. Utafiti wa Bhatt na wenzake (2015) ulikadiria kwamba hatua za kudhibiti malaria ziliepusha visa milioni 663 barani Afrika kati ya mwaka 2000 na 2015, na kwamba asilimia 68 ya visa hivyo viliepushwa na vyandarua. Kwa mtazamo wa ubunifu, ni vifaa vichache vilivyofanya mengi kiasi hicho kwa umbo dogo kiasi hicho.

Hata hivyo, usahili wake una mtumiaji wa kufikirika: mtu aliyelala kitandani, chini ya paa lenye mahali pa kufungia kamba, tangu jioni hadi alfajiri. Chandarua cha pembe nne huhitaji ncha nne za kufungia, ambazo kibanda cha nyasi katika kambi ya wavuvi hakina daima. Mvuvi wa chisense huwa majini saa ambazo mbu huuma zaidi. Dawa ya kundi la pairethroidi imekutana na mbu waliokwisha kujenga usugu, jambo lililothibitishwa Nchelenge kwenyewe. Yote haya ni vishazi tegemezi ambavyo bango halikuviandika, na kila kaya huachiwa ivitatue yenyewe.

Mwaka 2015 gazeti la The New York Times lilichapisha taarifa kutoka Bangweulu, katika mfumo huohuo wa maji ya Luapula, kuhusu vyandarua vinavyotumiwa kuvulia samaki. Katika mijadala ya aina hiyo, dhana inayotawala ni ya matumizi mabaya. Dhana hiyo haina kosa la kimantiki: macho ya chandarua ni madogo mno, na dawa za pairethroidi ni sumu kwa samaki. Kosa lake ni la uhakiki. Inasoma kitendo bila kumsoma mtendaji. Kaya iliyopewa kitambaa imara bila malipo, na isiyomudu bei ya wavu halali, inakabiliwa na chaguo baina ya homa inayoweza kuja na njaa iliyokwisha fika. Wizara moja imeigawia chandarua, na idara nyingine inaweza kuiadhibu kwa chandarua hichohicho. Kila mamlaka ina kanuni sahili. Uchangamano wote umekwenda kukaa pale kanuni hizo mbili zinapokutana, yaani nyumbani kwa mwanamke anayetafuta mboga.

5. Pingamizi

Msomaji mwenye dhamana ya utekelezaji ana haki ya kupinga. Maofisa ni wachache, ufuko ni mrefu, na kanuni yenye masharti mengi huwapa wajanja mianya. Kanuni fupi humlinda mnyonge pia, kwa kuwa anaweza kuijua na kuidai. Pingamizi hili lina uzito, na historia ya mpumbu inalitia nguvu. Lakini linathibitisha kwamba usahili una thamani pale unapolingana na kitu unachokitawala; halithibitishi kwamba kila kitu kinaweza kutawaliwa hivyo. Isitoshe, tarehe za Zambia hukoma katika mpaka ambao samaki hawaujui. Mvuvi wa Nchelenge anayetii kwa miezi mitatu hana hakika kwamba mwenzake wa Kilwa naye ametia nanga, na utii usio na hakika hiyo hugeuka kuwa hasara ya mtiifu.

6. Hitimisho

Uhakiki huu unaelekeza katika mambo matatu. Kwanza, kila kanuni au kifaa kinachopelekwa ufukweni kiambatane na maelezo ya wazi kuhusu mzigo unaoachiwa mtumiaji: muda, fedha, vifaa vya ziada na hatari ya adhabu. Pili, kanuni za zana zitenganishe uvuvi wa chisense wa maji ya ndani na ukokotaji katika mazalia, na ugawaji wa vyandarua upangwe pamoja na idara ya uvuvi, kukiwa na umbo linalofaa kambi na utaratibu wa kukusanya vilivyochakaa. Tatu, mazungumzo ya pande mbili za ziwa yafanyike kwa lugha za ziwa. Kiswahili, kilichofanywa lugha rasmi ya SADC mwaka 2019, kinaweza kuwa daraja la hati na mikataba. Kibemba, kinachosemwa pande zote mbili, hakina budi kuwa lugha ya mikutano ya mialo.

Nachituti alitoa kapu moja na chungu kimoja, na waliopokea walielewa kwamba vyombo hivyo havikuwa vitupu. Chandarua na kanuni ya macho ya nyavu hufika Kashikishi kama vyombo vitupu, na wenyeji ndio wanaovijaza. Sera itakayostahili ziwa hili ni ile itakayokubali kuandika vishazi vyake tegemezi kabla haijamtoza faini yeyote kwa kushindwa kuvikisia.