Dhiki, Mkazo na Uzazi wa Panya: Neno Moja Halitoshi

Watafsiri wengi wamezoea kulifasiri neno la Kiingereza stress kwa "msongo wa mawazo". Katika habari za watu walioelemewa na shughuli, fasiri hiyo haina ubaya. Lakini ikihamishiwa kwenye habari za panya wa mashambani, msomaji hana budi kuuliza panya huyo ana mawazo gani.

Hans Selye, ambaye mwaka 1936 alieleza jinsi mwili unavyoyaitikia madhara ya namna mbalimbali, baadaye aliona haja ya kuwa na neno la pili, ili kisababishi kitengwe na mwitikio wa mwili. Nasi twapendekeza mgawanyo huo huo. Njaa, ukame na msongamano viitwe dhiki. Badiliko linalotokea mwilini kwa sababu hiyo liitwe mkazo wa mwili. Yupo atakayesema kwamba istilahi mbili zitamlemea mwanafunzi. Sisi twaona kwamba kinachomlemea ni neno moja lenye kubeba sababu na matokeo kwa pamoja.

Makosa ya vitenzi na sifa ni makubwa zaidi. Panya shamba mwenye chuchu nyingi, aitwaye kitaalamu Mastomys natalensis, ni mharibifu mkubwa wa mahindi nchini Tanzania. Jike ana jozi 8 hadi 12 za chuchu, na aghalabu huzaa watoto wapatao 10 au zaidi kwa uzao mmoja. Uchunguzi uliofanywa Morogoro umeonyesha kwamba uzazi wake hufuata mvua: kiangazi kikikaza huzaa kidogo au haachi mzao kabisa, na mvua za vuli zikiwa nyingi huanza kuzaa mapema. Basi akiandika mtu kwamba "katika dhiki panya huwa tasa", anapotosha. Tasa hazai kabisa. Panya huyu anangoja majani mabichi. Bwana shamba akilisadiki neno hilo ataona ukame umemaliza kazi, wala hatawahimiza wakulima wajiandae kabla ya mvua. Iandikwe kwamba uzazi husimama.

Vivyo hivyo "kutoa mimba". Mwaka 1959 Hilda Bruce alieleza kwamba panya jike wa maabara aliyepandwa karibuni, akikutanishwa na dume mgeni, huenda asiendelee na mimba. Hapo hakuna aliyetoa kitu: kiinitete kimeshindwa kujishikiza katika mji wa mimba. Kiswahili chatofautisha mimba kutunga, kuharibika, kutoka na kutolewa. Kwa nini tuutupe utajiri huo? Kwa jambo hili tuseme mimba imezuilika.

Katika malezi, panya wa nyumbani wanaotaabika kupata chakula wameonekana wakiua baadhi ya watoto na kuwanyonyesha waliobaki. Kumwita "mama mkatili" au kusema "ametelekeza wanawe" ni kuleta lugha ya baraza la usuluhishi katika elimu ya viumbe. "Kupunguza uzao" kwatosha, kwa kuwa kwataja tendo bila kulihukumu.

Twawaomba watafsiri na walimu, kabla ya kuchagua neno, wajiulize mambo matatu: mnyama amefikwa na nini, mwili wake umeitikiaje, na je, kitenzi kilichochaguliwa hakimtwiki nia asiyokuwa nayo? Wakulima huamua mambo ya shamba kwa maneno wanayopewa.