Kulifundisha Sanduku Kupumua

Trela ya mizigo iliyofungwa hujengwa kwa imani moja: kwamba kilichomo ndani hakipumui. Magunia ya saruji hayatoki jasho, na maboksi ya sabuni hayaamki saa tisa usiku yakitafuta hewa. Kwa hiyo mjenzi wake wa kwanza huchomelea fremu ya skwea tyubu, akaipigia mabati pande zote, akatia mlango wa nyuma wenye komeo la nje, akaridhika. Hakukosea. Mzigo haudai zaidi ya kukingwa na mvua na wezi. Fundi anayeipokea trela hiyo baadaye ili aigeuze chumba cha kulala safarini anarithi kitu kilichokamilika kwa ajili ya kazi nyingine kabisa, na kazi anayoifanya hapo naihesabu miongoni mwa kazi za mikono zinazostahili sifa kubwa kuliko zinazopata.

Nimeitazama katika kaunti ya Machakos, na naona ni mahali pake hasa. Ukishika barabara ya Mombasa kutoka Nairobi utapita Mlolongo, kisha Athi River, halafu ufike njia panda ya Kyumvi, ambapo gari la kwenda Machakos mjini hukata kushoto. Ukanda huo umelelewa na malori. Kontena iliyochoka na bahari huishia huku, ikatobolewa dirisha, ikawa duka au kinyozi. Vijana hukua wakisikia grainda tangu asubuhi. Mtu aliyezoea kukata chuma cha kontena haogopi trela ya futi 12 kwa 6.

Kazi huanza kwa fundi kujifungia. Huingia saa sita mchana, msaidizi akamvutia mlango, naye akakaa gizani na kipande cha chaki. Macho yakishazoea, matundu hujitokeza yenyewe: nukta ya mwanga penye riveti iliyolegea, mstari mwembamba mahali mabati mawili yalipopandana vibaya. Panapopita mwanga wa leo patapita maji ya Novemba, ambayo kwa Ukambani ndiyo mvua ya kutegemewa. Anazungushia chaki kila tundu. Kisha hulala chali sakafuni na kunyoosha miguu, kwa sababu hesabu ngumu kuliko zote katika kazi hii ni ya mwili wa mlalaji. Kinga ya joto ya inchi moja, pamoja na plaiwudi ya kuifunika, hula karibu inchi moja na nusu kila upande. Futi sita za upana zinabaki futi tano na inchi tisa. Mtu mrefu hawezi tena kulala kwa kukingama. Itabidi kitanda kifuate urefu wa trela, na kitanda kikigeuka hivyo, meko, kabati na mlango vyote huhama. Nimemwona fundi akisimama kitambo kirefu mbele ya uamuzi huo, futikamba mkononi, huku mteja akidhani amekwama. Hakuwa amekwama. Alikuwa anajenga chumba kizima kichwani kabla ya kugusa msumeno.

Machakos mjini ni juu, kiasi cha mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, chini ya vilima vya Iveti. Mchana bati huwaka, na usiku wa Julai baridi hupenya. Chuma hupitisha joto kwa zaidi ya mara 300 kuliko mbao, na fundi asiyeheshimu jambo hilo hubandika plaiwudi moja kwa moja kwenye mbavu za fremu. Wiki chache baadaye ukuta huonyesha mistari myeusi ya ukungu, mmoja kwa kila ubavu. Watu wawili waliolala usiku kucha hutoa maji kwa pumzi na ngozi, zaidi ya kikombe kizima, na mvuke huo hutafuta chuma baridi ukagandamana hapo kuwa matone. Fundi anayejua hutanguliza vipande vyembamba vya saiprasi juu ya chuma, akajaza katikati kwa shiti za polistirini zilizokatwa kwa kubana, akaziba kila mshono, ndipo akafunika. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Hapa ningemwomba mteja aende mbele zaidi, akaulize kilichomo nyuma ya ukuta kabla haujafungwa.

Kisha hewa. Sanduku la ukubwa huu lina kama mita 12 tu za ujazo. Linahitaji matundu mawili: la chini la kuingiza hewa, la darini la kutoa ile iliyopata joto, yote na wavu wa mbu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni, kwa hiyo tundu la chini lazima liwe chini kweli, na mtungi ukae nje katika kisanduku chake. Jiko la makaa lisiingie kamwe, hata kwa dakika chache za kuota moto. Moshi wake usioonekana huua waliolala, na kila msimu wa baridi Kenya huzika watu kwa sababu hiyo. Komeo la nje nalo linang'olewa siku ya kwanza, likawekwa linalofunguka kwa ndani.

Lakini kinachoitenga kazi hii na useremala wa nyumba ni mtikisiko. Nyumba hukaa. Trela hupigwa na barabara ya murram kwa saa nyingi, na fremu hujipinda kidogo kila gurudumu moja linapoingia shimoni. Msumari hutoka wenyewe. Nati ya kawaida hulegea. Bati jembamba lililochomelewa kote hupasuka kandokando ya mshono, kwa kuwa pale ndipo lilipogandishwa lisisogee. Fundi wa Machakos hupenda riveti kwa bati, nati zenye mkanda wa plastiki ndani kwa fremu, gundi pamoja na skrubu kwa mbao, na silikoni inayobaki laini. Ni hekima ileile iliyokuwa Marekani mwaka 1936, Wally Byam alipotoa Airstream Clipper, nyumba ya kukokotwa yenye ganda la alumini lililopigwa riveti kwa mtindo wa ndege. Mwaka 1959 alianzisha msafara wa trela zake 41 kutoka Cape Town hadi Cairo, wakipita Afrika Mashariki na Ethiopia, na barabara zetu ziliwafunza mengi ambayo kiwanda hakikuwafunza. Fundi wetu ameanzia kwenye barabara hizohizo.

Upande wa mbao, kaunti hii ina urithi ambao hautajwi inavyostahili. Wamunyu, mashariki ya mji, ndiko Mutisya Munge alikorudi na ufundi wa kuchonga aliojifunza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na kutoka kwake uchongaji ulienea Ukambani. Mchongaji wa muhugu hujua kwamba mti uliokatwa bado unasogea. Ukiharakishwa kukauka hupasuka. Nimeona ujuzi huo katika droo ya trela. Fundi aliacha nafasi ndogo pembeni, akaeleza kuwa saiprasi itavimba mteja akifika Mombasa. Msaidizi wake alitaka ibane vizuri ipendeze. "Kijana," alimwambia, "hii droo itafunguliwa pwani."

Nyaya ni kazi fupi kwa anayejua: paneli ya sola juu ya paa, betri, fyuzi kwa kila laini, taa za volti 12. Usajili nao una utaratibu wake, na trela hupewa namba inayoanza na Z.

Uzito ndio unaotaka moyo. Kila kitu kizuri ni kizito, na lita 60 za maji ni kilo 60. Tangi likiwekwa nyuma kabisa, trela huanza kuyumba kwenye mteremko na inaweza kulivuta gari zima nje ya njia. Linafaa kukaa karibu na ekseli, na chuma cha mbele kinachoshikana na gari kibebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Malori hupimwa ekseli kwenye mizani ya Mlolongo. Fundi wa trela ndogo huazima mizani ya muuza nafaka, akakiegemeza hapo chuma cha mbele huku tangi limejaa, kisha akahamisha kabati hadi namba ikubali.

Wateja wa sasa wengi ni watu wa matembezi, wanaokwenda Ol Donyo Sabuk au kukwea miamba ya Lukenya. Wafurahie. Mimi natamani pia trela hizi ziwafikie wachimba visima vya maji, wanaokesha kando ya mtambo huko Yatta na Masinga wakilala chini ya turubai. Kitanda kipana kingeondoka, viwekwe viwili vya kupandana. Sakafu ingevikwa bati la mistari kwa ajili ya buti za tope. Nilipomtajia fundi jambo hili, aliuliza kwanza kama wanalala wote pamoja au kwa zamu, kwa kuwa anayelala mchana chini ya bati anahitaji dari tofauti kabisa, na kinga ya inchi moja haitamtosha.