Mwongozo wa LilyPond na Msomaji Asiye na Masikio

LilyPond, programu huria ya kuchapa nota za muziki iliyoanza mwaka 1996, ina mwongozo mnene, tena wa kusifika. Tatizo ni msomaji mpya: wakala wa akili mnemba anayetumwa kuandika nota kwa niaba ya mtu. Tutoe mfano mmoja. Katika G meja, mwanamuziki akiona F huipandisha nusu toni bila kuambiwa, kwani alama iko mwanzoni mwa mstari. LilyPond haifanyi hivyo. Sharti uandike “fis” kila mara. Ukiandika “f” tu, itachapa F ya kawaida bila kulalamika. Binadamu atalisikia kosa; wakala ataendelea. Mwongozo unaonya, ndiyo, lakini mifano yake mingi inategemea picha za nota, na wakala anayesoma matini tupu picha hizo hazioni. Kwa maoni yetu, kila picha ingefuatwa na sentensi inayosema kilichotokea. Sisi walimu wa Kiswahili hapa Uganda twaijua hali hii: kitabu hufundisha “kikombe kizuri”, kisha mwanafunzi asiyekisikia Kiswahili nyumbani akaandika “kipofu kizuri”, maana kitabu kilimwachia abahatishe.