Mbega Hulia Tu?

Jogoo huwika, mbwa hubweka, simba hunguruma, nyuki huvuma. Mwanafunzi wa Kericho au Bomet huikariri orodha hii ya milio ili asikose alama za Kiswahili, halafu basi. Mimi naona vitenzi hivi vinastahili kusomwa kwa sikio, kwa sababu umbo la kila kimoja limebeba sehemu ya sauti yenyewe.

Tamka bweka polepole. Midomo hufumbwa kwa b, hubanwa kwa w, kisha k huikata pumzi nyuma ya kinywa. Huwezi kuirefusha hiyo k, na mbweko nao haurefuki. Vuma ni kinyume chake. V hudumu kadiri pumzi inavyoruhusu, u huipokea, m ikafunga midomo huku mvumo ukiendelea puani. Tetea ya kuku anayetafuta pa kutagia ni ulimi kugonga ufizi mara mbili, ndiyo maana msimulizi mzuri hulirudia: akatetea, akatetea.

Nguruma ndilo lililoundwa vizuri kuliko yote. Huanzia nyuma ya kinywa, hupita kwenye u mbili nzito, r ikaviringika katikati, hatimaye kinywa kikaachama kwa a. Shuleni neno hili ni la simba. Kwenye vilima vya chai kinachonguruma ni radi, alasiri, kabla ya mvua ya mawe kuchanachana majani.

Pasipo na kitenzi mahususi, Kiswahili hutumia kulia pamoja na tanakali: paka hulia nyau, mbuzi hulia mee. Kulia peke yake hakumtambulishi yeyote. Kengele hulia, bunduki hulia, mtoto hulia.

Sasa twende ukingoni mwa msitu wa Mau. Mpango wa ukanda wa chai wa Nyayo ulianza 1986, chai ipandwe kati ya msitu na mashamba ya watu, lakini sauti huuvuka ukanda huo. Alfajiri mbega dume huanza, mwingine wa bonde la pili akajibu. Usiku perere, yule pimbi wa mitini, hukwaruza polepole kama mlango wenye bawaba kavu, kisha mkwaruzo hupanda ukawa ukelele. Mwandishi anayewaandikia wote wawili “alilia” amewanyima sauti zao, na kosa si la lugha.

Mbega hutoa mikoromo mizito inayoviringika. Ile r ya nguruma inamfaa kabisa. Perere anadai vitenzi viwili kwa mfuatano, akakwaruza, akapiga ukelele, ili sentensi ipande jinsi sauti inavyopanda.

Walimu wa Kericho na Bomet, mwanafunzi akiandika kwamba mbega alinguruma, msimkate alama kwa kuwa orodha ya kitabuni inamtaja simba. Mpeni alama zake kamili.