Ubishi wa Tonge na Dagaa

Huko Matiri, katika Wilaya ya Mbinga, upo ubishi wa chakula usio na hakimu wala siku ya kuisha. Dagaa wa Ziwa Nyasa wakiisha kupakuliwa, mtu wa milimani husema hawana budi kuliwa kwa ugali wa mahindi, tena wakatwe vichwa kwanza. Mwenye asili ya mwambao wa ziwa hujibu kuwa dagaa asiye na kichwa ni kama barua isiyo na anwani, na kwamba ugali wake halali ni wa muhogo. Naona ubishi huu wastahili kuhakikiwa kama tuhakikivyo mashairi ya kujibizana, maana nao una kanuni, una mafundi, na una wavurugaji.

Fundi hoja yake i mkononi. Msemaji mmoja wa ziwani alimega tonge, akalifinyanga, akalitia shimo kwa kidole gumba, akachota mchuzi, kisha akatuuliza kama tumeona tone likidondoka. Halikudondoka: ugali wa muhogo hunata, na kuta za tonge lake hazipasuki upesi. Mpinzani wake alijitetea kwa kusema kuwa tonge lisilotaka kuachana na vidole halitataka kuachana na koo pia. Tulicheka sote, na aliyeshindwa akaongezewa dagaa.

Lakini alitokea kijana aliyesema kuwa muhogo ni chakula cha njaa na cha wavivu. Hapo ubishi ulikufa. Namlaumu, si kwa kukosa adabu tu, bali kwa kukosa elimu. Ni kweli kwamba serikali ya Waingereza ilihimiza, na mahali pengine ikalazimisha, kilimo cha muhogo kiwe kinga ya njaa, na sifa hiyo mbaya imeuganda tangu hapo. Lakini muhogo mchungu hulowekwa siku kadhaa ili sumu itoke, huanikwa, hutwangwa, huchekechwa. Uvivu u wapi hapo? Na mahindi anayojivunia kijana yule, ambayo Wamatengo huyalima kwa maarifa makubwa kwenye matuta yanayozunguka mashimo ya ngoro, asili yake ni Amerika kama ilivyo asili ya muhogo. Tukidai urithi wa mababu, basi pande zote mbili zirudi kwenye ulezi.

Juu ya kichwa cha dagaa, mimi ni wa ziwani. Dagaa mzima huliwa na mifupa yake, na humo ndimo ilimo kalsiamu. Atupaye vichwa hutupa kitoweo alichokinunua. Uchungu kidogo upo, sikatai.

Ila mabingwa wa pande zote mbili wana kasoro moja: husifu tonge bila kumtaja aliyelisonga. Siku ile wapishi walikuwa jikoni wakikwangua ukoko, na swali la ukoko upi mtamu zaidi walikuwa wameisha kulikata bila kutuita.