Aliyeulizwa na Asiyeulizwa

Mwongozo wa Frascati ni kitabu kikavu, nakiri. Ulianza mwaka 1963, wataalamu wa OECD walipokutana katika mji wa Frascati, Italia, wakapatana namna ya kuhesabu fedha zinazotumika katika utafiti na maendeleo. Toleo la saba lilitoka mwaka 2015. Hata hivyo ukavu wake usimkimbize msomaji, maana ndani yake mna swali zito: utafiti ni nini?

Jibu lake nalipenda. Kazi haiwi utafiti mpaka itimize masharti matano: ilenge jambo jipya, iwe ya ubunifu, matokeo yake yasijulikane mapema, ifanywe kwa utaratibu, na wengine waweze kuirudia. Kiwanda kilichonunua mashine mpya tu hakijatafiti. Mwalimu yeyote angefurahia ufafanuzi ulio wazi namna hiyo.

Lakini ufafanuzi mzuri peke yake hauhesabu kitu. Tazama Uingereza. Mwaka 2017 serikali ilijiwekea lengo kwamba ifikapo 2027 matumizi ya utafiti yafike asilimia 2.4 ya pato la taifa. Hesabu za biashara zilitokana na madodoso, na madai ya nafuu ya kodi yalikuwa yakionyesha kiasi kikubwa zaidi. Mwaka 2022 Ofisi ya Takwimu ya Taifa ilikubali kwamba makampuni madogo hayakuwakilishwa vya kutosha. Makadirio ya mwaka 2020, yaliyokuwa paundi bilioni 26.9, yakapanda kupita bilioni 40. Kumbe lengo lilikuwa limekwisha kupitwa, na wenyewe hawana habari!

Basi yatumike madai ya kodi? La. Anayeomba nafuu ana sababu ya kuita kila kitu utafiti, na mamlaka ya kodi yenyewe imekuta humo makosa na udanganyifu.

Lawama yangu si kwa kitabu, bali kwa wanaoitaja asilimia kana kwamba imepimwa kwenye mizani. Mwalimu anayeita majina ya daftarini tu hatajua ni wangapi wamesimama nje ya dirisha. Kwetu Tanzania, ambako mafundi wengi hubuni katika karakana ndogo zisizopelekewa dodoso lolote, jambo hili lina uzito zaidi, kwani mipango na fedha hufuata hesabu. Asiyehesabiwa hakumbukwi katika bajeti.